Jua la Kukusanywa kwa Vioo: Mambo Yanayopasa Kujulikana na Chama Kabla ya Kutia Saini

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Vyama vya msingi kadhaa vimeomba ushauri juu ya mitambo ya jua yenye vioo, ambayo wauzaji wanaipitisha vijijini. Mitambo hiyo husemwa kuwa yaweza kupasha maji moto, kutoa mvuke, na kuyageuza maji ya chumvi au yenye floraidi kuwa maji safi ya kunywa. Chama kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kilikaribia kutoa fedha za akiba ya wanachama kununua mtambo wenye kioo cha mita za mraba 2, kwa ahadi kwamba utatoa lita 100 za maji yaliyokenekwa kila siku. Mkataba ulikwisha kuchapwa, na kilichobaki ni mhuri wa chama.

Makala haya hayakuandikwa ili kuikataa nishati ya jua. Jua letu ni mali, na vioo vya kulikusanya ni elimu ya kweli iliyofanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Shabaha yake ni kumwezesha kila katibu, kwa kalamu na karatasi, kuipima ahadi ya muuzaji kabla ya kuipeleka mbele ya Mkutano Mkuu. Hesabu zinazohitajiwa ni za kuzidisha na kugawanya, nazo katibu huzifanya kila siku katika daftari la mazao.

JUA HUTUPA NINI

Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita moja ya mraba iliyoelekezwa kwenye jua hupokea nishati ya kiasi cha kilowati 1. Asubuhi na jioni kiasi hicho hupungua. Katika nyanda za kati, kama vile Dodoma na Singida, tukichukua siku njema ya kiangazi, yafaa kukadiria kwamba miale inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua huleta kilowati-saa 5 hivi kwa kila mita ya mraba. Kilowati-saa moja ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo siku nzima hutupa kilojuli 18,000 kwa mita ya mraba. Tafadhali ikumbukeni namba hii, kwani ndiyo mzani wetu.

Nimesema miale inayokuja moja kwa moja kwa sababu maalumu. Mwanga wa jua ni wa namna mbili. Upo ule unaotoka kwenye jua na kufika chini bila kupindishwa, ambao hutupa kivuli chenye ukingo mkali. Upo pia ule uliotawanywa na mawingu, vumbi na unyevu wa hewa, ambao hutoka pande zote za mbingu. Kioo cha kukusanya huweza kuukusanya ule wa kwanza tu. Siku ya mawingu mepesi nguo hukauka, na sanduku la kioo bapa hupata joto, lakini kioo cha kukusanya hakifanyi kazi. Kwa ajili hiyo mwambao wenye unyevu mwingi, na milima yenye ukungu wa asubuhi, haviwezi kulingana na nyanda kavu za bara kwa kazi hii, ingawa wote twaona jua ni lile lile.

KIOO HUFANYAJE KAZI

Umbo la kioo cha kukusanya huitwa parabola. Sifa yake ni kwamba miale yote inayoingia sambamba na mhimili wake hurudishwa na kukutana mahali pamoja, panapoitwa fokasi. Kuna maumbo mawili yanayotumika sana. La kwanza ni sahani, ambayo hukusanya miale kwenye doa moja. La pili ni hori, mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, ambalo hukusanya miale kwenye mstari mmoja, na katika mstari huo hupitishwa bomba lenye kiowevu.

Mahali pa fokasi pa sahani hupatikana kwa hesabu rahisi. Pima upana wa sahani kutoka ukingo hadi ukingo, uzidishe upana huo kwa upana huo, kisha ugawanye kwa kina cha sahani kilichozidishwa mara 16. Kwa mfano, sahani yenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 0.15: 1.2 mara 1.2 ni 1.44, 16 mara 0.15 ni 2.4, na 1.44 kwa 2.4 ni 0.6. Fokasi ipo sentimita 60 juu ya kitako cha sahani. Kama muuzaji ameweka chungu mbali na hapo, sahani yake haina faida, hata iwe inang'aa namna gani.

Sahani hiyo ina eneo la mita ya mraba 1.13. Ikiwa miale yake inaangukia kitako cha sufuria chenye upana wa sentimita 20, mwanga umekazwa mara 36 hivi. Hapo ndipo joto kali linapotoka. Huko Odeillo, katika milima ya kusini mwa Ufaransa, ipo tanuri ya jua yenye vioo vikubwa mno, ambayo fokasi yake huweza kupita nyuzi 3,000 za Sentigredi, joto la kuyeyusha chuma kama nta.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Kioo hakizidishi nishati. Kioo hukusanya nishati ya mahali papana na kuitia mahali padogo, kama vile mtu akusanyavyo michango ya wanachama 36 na kuitia katika sanduku moja. Sanduku limejaa, lakini fedha za kijiji hazikuongezeka hata senti moja. Mita ya mraba ya kioo hutoa kilojuli zile zile 18,000 kwa siku, nazo si zote zitakazofika kwenye maji. Kioo hunyonya kidogo, vumbi huzuia, miale mingine hukosa shabaha, na chungu chenyewe hupoteza joto kwa upepo. Mtambo uliotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri ukitupa nusu ya nishati hiyo, yaani kilojuli 9,000, yafaa tushukuru.

Tena jua husogea. Kila dakika nne husogea nyuzi 1 ya mzunguko, na upana wa jua lenyewe tulionalo ni kama nusu ya nyuzi. Sahani isiyogeuzwa kulifuata jua hupoteza fokasi yake kwa muda mfupi. Ama awepo mtu wa kuigeuza, ama iwepo saa ya kuigeuza. Hilo la pili ndilo alilolishughulikia Wolfgang Scheffler, ambaye kioo chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri kilijengwa mwaka 1986 kwenye kituo cha misheni kaskazini mwa Kenya. Kioo cha Scheffler huzunguka polepole kwa saa, na fokasi yake hubaki pale pale, hata mpishi aweza kukaa jikoni kivulini huku jua likiletwa kwake kupitia dirisha. Baadaye vioo vya aina hiyo vilienea sana India, ambako majiko makubwa ya mahekalu yamepikia maelfu ya watu kwa mvuke wa jua.

WALIOTUTANGULIA

Si vibaya tukajua habari za waliotutangulia, maana zina funzo la hesabu. Mwalimu mmoja wa hisabati wa Ufaransa, Augustin Mouchot, aliunda kioo chenye umbo la pia na kukitumia kuchemsha maji na kuendesha mashine ya mvuke. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1878 alitumia joto la jua kutengeneza barafu, akapewa nishani ya dhahabu. Hata hivyo kazi yake haikuendelea, kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa rahisi.

Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo nchini Misri, Mmarekani Frank Shuman alizindua mtambo wa mahori matano ya vioo, kila moja likiwa na urefu wa mita 62. Mvuke wake uliendesha pampu iliyopandisha maji ya mto Nile kwa ajili ya umwagiliaji, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika. Mwaka uliofuata vita kuu vilianza, na baada ya vita mafuta ya petroli yakawa ya bei ndogo. Mtambo ule haukufufuliwa. Elimu ya Mouchot na ya Shuman ilikuwa sahihi. Kilichowashinda ni bei ya kuni ya jirani. Mahori kama yale ya Maadi yalirudi kwa nguvu katika jangwa la California kuanzia mwaka 1984, na mwaka 2016 huko Ouarzazate nchini Moroko, ambako mafuta maalumu hupashwa hadi nyuzi 390 hivi ili yatoe mvuke wa kuzalisha umeme, na chumvi iliyoyeyushwa huhifadhi joto kwa saa kadhaa baada ya jua kutua.

Na kwa upande wa kukeneka maji, mfano mkubwa ni wa Las Salinas katika jangwa la Chile. Mwaka 1872 ilijengwa huko karakana ya kukeneka maji ya chumvi kwa jua, ili kuwapatia maji nyumbu wa machimbo. Ilikuwa na zaidi ya mita za mraba 4,000 za vioo, na siku njema ilitoa lita zaidi ya 20,000. Ilifanya kazi kwa muda wa miaka arobaini hivi. Yafaa ieleweke kwamba vioo hivyo havikuwa vya kukusanya. Vilikuwa vioo bapa vilivyoinamishwa juu ya mabirika mapana ya maji. Jambo hili tutalirudia.

KUPASHA VIOWEVU MOTO

Kiowevu cha kwanza ni maji. Kuipasha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2. Kuipandisha kutoka nyuzi 25 hadi 65 ni nyuzi 40, yaani kilojuli 168. Tukigawanya kilojuli zetu 9,000 kwa 168 twapata lita 53. Basi mita moja ya mraba ya kioo kizuri yaweza kupasha lita 50 na zaidi kwa siku hadi nyuzi 65, joto ambalo likidumishwa kwa dakika kadhaa huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Wapo wasemao kwamba maji sharti yatokote. La, kutokota ni alama tu ya kumsaidia mtu asiye na kipimajoto.

Maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30. Jua laweza kazi hiyo, lakini chama cha wafugaji kikumbuke kwamba maziwa hufika kituoni alfajiri, na jua hupata nguvu saa nne asubuhi. Mtambo usio na tangi la kutunzia maji ya moto ya jana hautawafaa.

Kiowevu cha pili ni mafuta. Faida yake ni kwamba hupita nyuzi 100 bila kugeuka mvuke, na hivyo hayahitaji kuzuiwa kwa nguvu. Hasara yake ni kwamba huchukua kama nusu tu ya joto linalochukuliwa na maji ya uzito ule ule, huharibika kwa kupashwa mno, na yakivuja kwenye fokasi huwaka moto. Mafuta ya kupikia ya dukani yasitumiwe katika bomba la hori.

Tatu ni mvuke wenyewe. Mvuke wa nyuzi 121 ukidumishwa dakika 15 husafisha vyombo vya zahanati. Mvuke pia hukeneka mafuta ya manukato. Pemba hukeneka mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, na elimu yake ni hii: mafuta ya karafuu peke yake huchemka kwenye nyuzi 250 hivi, lakini yakipitiwa na mvuke wa maji hutoka pamoja nao katika joto lisilofika hata nyuzi 100, kisha hujitenga na maji yanapopoa. Kazi za namna hii hula kuni nyingi mno, na mtambo wa vioo hapo una jambo la maana la kufanya.

Lakini mvuke ni wa kuogopwa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Ikinyimwa nafasi hiyo, kanieneo, yaani presha, hupanda ndani ya chombo hadi kipasuke. Chombo cha kufungwa kisicho na valvu ya usalama na kipima presha ni bomu, na kisiruhusiwe kuingia katika majengo ya chama. Pipa la mafuta lililochomelewa na fundi wa barabarani si bwela.

KUKENEKA MAJI

Kukeneka ni kuyageuza maji kuwa mvuke, na kuupoza mvuke huo uwe maji tena mahali pengine. Chumvi, floraidi na tope havigeuki mvuke, hivyo hubaki nyuma. Hakuna kijiji kisichoijua elimu hii. Wapikaji wa gongo wanayo pipa, wanayo neli, na wanacho kibirika cha maji baridi cha kuipozea. Sheria inakataza wanachokipika, lakini fizikia yao ni sawa.

Sasa tufanye hesabu. Kuipandisha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni kilojuli 315. Kuigeuza iwe mvuke ni kilojuli 2,260 nyingine. Jumla ni kama kilojuli 2,600. Kama mita ya mraba ingetupa kilojuli zake zote 18,000 bila kupoteza hata moja, tungepata lita 7 kasoro kidogo. Kwa kuwa tunapata nusu, tunapata lita 3 na nusu kwa siku njema.

Turudi kwenye ule mtambo wa mita za mraba 2 na ahadi ya lita 100. Lita 100 zinahitaji kilojuli 260,000. Jua la siku nzima juu ya kioo hicho ni kilojuli 36,000. Muuzaji aliahidi zaidi ya mara saba ya nishati yote iliyoanguka juu ya kioo chake. Hesabu hii ina mistari minne, nayo iliokoa akiba ya wanachama.

Na birika la kawaida lililofunikwa kwa kioo bapa, lenye kitako cheusi, bila kioo cha kukusanya, hutoa kiasi gani? Hutoa lita 2 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku, kufuatana na jua na utunzaji. Yaani ni sawa na mtambo wa kukusanya! Sababu tumekwisha kuieleza: kioo cha kukusanya hukaza joto, hakiongezi nishati, na kukeneka kunadai nishati nyingi, si joto kali. Maji hutoa mvuke hata kwa nyuzi 60. Zaidi ya hayo birika bapa hutumia pia mwanga uliotawanyika, halina kinachozunguka, na fundi wa kijiji aweza kulijenga kwa saruji, rangi nyeusi na kioo cha dirisha.

Ipo njia moja ya halali ya kuipita lita 7, nayo ni kuyatumia joto lile lile mara nyingi. Mvuke unapogeuka maji hurudisha joto ulilolichukua, na joto hilo laweza kupasha maji ya chumba cha pili, na ya pili ya chumba cha tatu. Mwaka 1984 huko Abu Dhabi katika Ghuba ulijengwa mtambo wa jua wa namna hii wenye ngazi 18. Mitambo hiyo hutoa maji mengi, lakini hudai pampu, umeme, mabomba ya kuondoa hewa na fundi wa kudumu. Kwa hiyo mtu akiahidi zaidi ya lita 7 kwa mita ya mraba, aulizwe swali moja: joto linatumika mara ngapi, na kwa chombo gani? Akishindwa kuonyesha, mazungumzo yamekwisha.

JE, MAJI YETU YANAUMWA NINI?

Kabla ya kununua dawa ni lazima kuujua ugonjwa. Vyama vinavyoomba mitambo hii vina maji ya namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Kama maji yana vijidudu tu, kukeneka ni ubadhirifu. Tumeona kwamba jua lile lile litoalo lita 3 na nusu zilizokenekwa laweza kupasha lita 50 za kunywa kwa usalama.

Kama maji ni ya floraidi, kama ilivyo katika sehemu nyingi zinazouzunguka mlima Meru, katika Bonde la Ufa, na sehemu za Singida na Shinyanga, hapo jambo ni zito. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yaliyopita kiwango hicho huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa isinyooke tena. Mama anayechemsha maji haya kwa moyo mwema hayapunguzii floraidi, bali huizidisha, kwani maji hupungua sufuriani na madini hubaki. Yakichemka hadi nusu, floraidi katika kila lita huwa maradufu. Kukeneka huiondoa. Vivyo hivyo mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi na kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha.

Kama maji ni ya chumvi, mkaa wa mifupa hauna msaada, na hubaki kukeneka au kutafuta chanzo kingine.

Basi tupime ukubwa wa kazi. Familia ya watu 6, wakitumia lita 3 kila mmoja kwa kunywa na kupikia tu, inahitaji lita 18 kwa siku, yaani mita za mraba 5 za birika. Kaya 200 zinahitaji mita za mraba 1,000. Shule ya watoto 300, lita 1 kila mtoto, inahitaji mita za mraba 86. Si jambo lisilowezekana, lakini si mtambo wa kubebwa juu ya baiskeli.

Linganisheni na paa. Paa la bati la mita za mraba 50, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, likivuna sehemu nane katika kumi, hukusanya lita 24,000. Mvua ni maji yaliyokenekwa na jua lenyewe, bila gharama ya kioo. Kinachokosekana ni tangi. Kwa lita 18 kwa siku na kiangazi cha siku 210, familia inahitaji tangi la lita 4,000 hivi. Mahali pengi jibu la kwanza ni tangi, na birika la jua huwa msaidizi wa miezi ya mwisho ya kiangazi.

KAZI ZINAZOFAA

Baada ya kusema hayo, nazitaja kazi ambazo jua hulipa bila ubishi.

Kwanza, maji ya betri. Lori la chama, trekta na betri za taa za sola zote huhitaji maji yaliyokenekwa, ambayo tunanunua kwa chupa. Birika la mita ya mraba 1 laweza kuzitosheleza betri za chama, na likauzia vyama jirani.

Pili, zahanati ya kijiji: maji ya kuoshea na mvuke wa kusafishia vyombo, mahali palipo na mtambo uliokaguliwa.

Tatu, nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Wafuga nyuki hawahitaji kioo cha kukusanya kwa kazi hii, kwani sanduku jeusi lenye kifuniko cha kioo latosha, wala nta haiungui kama ichemshwapo motoni.

Nne, mvuke wa kukenekea mafuta ya manukato na kupikia shuleni, ambapo vioo vya kukusanya vina nafasi yake ya haki, maana hapo joto kali ndilo linalotakiwa. Fikirini: kuni kavu kilo moja ina kilojuli 15,000 hivi, lakini mafiga matatu hufikisha chunguni kama sehemu moja tu katika nane. Kila lita ya mvuke, basi, hula karibu kilo moja na nusu ya kuni. Anayejua bei ya mzigo wa kuni katika kijiji chake ataimaliza hesabu mwenyewe.

Kukausha kahawa, mihogo au pilipili si kazi ya vioo hivi. Kitanda cha waya na hewa ipitayo ni bora.

UTUNZAJI NA USALAMA

Birika lisukutwe kwa maji mara kwa mara ili chumvi isigande kitakoni. Maji ya siku za kwanza yamwagwe, mpaka harufu ya rangi na gundi iishe. Mifereji iwe ya kioo au chuma kisichoshika kutu. Risasi isitumiwe kuunganishia, kwa kuwa maji yaliyokenekwa huyeyusha risasi, na risasi ni sumu. Maji yaliyochafuka kwa petroli au dawa za mimea yasikenekwe kwa kunywa, maana baadhi ya sumu hizo hupanda pamoja na mvuke.

Kioo cha kukusanya kifutwe kila asubuhi. Kazi ikiisha kifunikwe au kigeuziwe chini. Kioo kilichoachwa wazi chaweza kutupa fokasi yake kwenye paa la makuti jua linapohama, na hakuna atakayemwona aliyewasha moto. Watoto wasikaribie, na mtumishi avae miwani ya giza.

KABLA YA MHURI

Ndugu Katibu, muuzaji akija, mwandikie maswali haya katika karatasi na umtake ajibu kwa maandishi. Eneo la kioo ni mita za mraba ngapi? Litatoa lita ngapi kwa siku, na za joto gani? Zidisha eneo kwa 7, uone kama ahadi yake ya kukeneka imepita. Nani atageuza na kufuta, na posho yake itatoka katika fungu gani? Vipuri vinapatikana wapi? Valvu ya usalama imepimwa na nani? Halafu gawanya bei ya mtambo, pamoja na matengenezo, kwa lita zote utakazotoa katika miaka ya maisha yake, ulinganishe na bei ya lita inayoletwa kwa mkokoteni. Maji yapelekwe kupimwa maabara kwanza, na majibu yaambatishwe kwenye kabrasha la Mkutano Mkuu, ili wanachama wapige kura wakijua ugonjwa na dawa.

Jua halina wakala, wala halidai ushuru. Lakini kioo, bomba na tangi hununuliwa kwa fedha ya mkulima aliyeipata kwa jembe, na fedha hiyo ina haki ya kuhesabiwa mara mbili kabla ya kutoka katika sanduku la chama.